Gitaa Lililokataa Kiriaini

Waithira alizaa mara moja, akapata msichana, na mambo yake ya majina yakaharibikia hapo.

Desturi ya huku ni kwamba binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, na wa pili ndiye humrudisha mama wa mama. Utaratibu huu ulitungwa na watu waliokuwa wakizaa watoto tisa, na kwa watoto tisa unafanya kazi vizuri sana: kila mzee anafikiwa, na bado wanabaki watoto wa kuwagawia wajomba na shangazi. Hakuna aliyewawaza watu kama Wangui, binti wa Waithira, na mumewe Ngugi, wenye duka la dawa za mifugo pale Nanyuki. Wawili hawa walizaa msichana, wakazaa mvulana, kisha wakatangaza kwamba wametosheka. Msichana akaitwa Wachuka, jina la mama yake Ngugi. Mvulana akaitwa Theuri, jina la baba yake Ngugi. Upande wa Kiriaini, kwao Ngugi, ukawa umerudi wote, mke na mume, na Waithira wa Chaka akabaki kama mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri akafika dirishani likifungwa.

Hakulalamika. Alimuuliza tu binti yake, mara mbili tatu kwa mwaka, kama hasikii kichefuchefu.

Banda lake la useremala liko hapo Chaka, kando ya barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki. Lilikuwa la marehemu mumewe, aliyefariki akiacha randa mbili, misumeno mitatu na kitanda cha mteja kilichofika nusu. Waithira alikimalizia. Mteja alikuja, akakilalia, akalipa, akaenda. Tangu siku hiyo Waithira aliamini kwamba kazi hii si ngumu kama wanaume walivyokuwa wakisema kwa miaka yote hiyo. Ana miaka sitini na minne sasa. Hutengeneza milango, vitanda na stuli, na sifa yake kuu ni kwamba kazi yake hairudi. Mafundi wengine wa Chaka wana wateja wanaowapenda na wateja wanaowatafuta kwa hasira. Waithira ana wa kwanza tu.

Barabara ndiyo iliyokuwa ikimtesa. Shule zikifungwa, gari la Ngugi hutoka Nanyuki kumpeleka binti yao Kiriaini, na haliwezi kufika huko bila kupita mbele ya banda. Lilipiga honi. Mtoto alipunga mkono. Waithira aliinua patasi juu.

"Tuko na haraka mama, tutapitia tukirudi," Ngugi alisema kwenye simu kila mara. Wakirudi ilikuwa jua linatua, na mtoto amelala kwenye kiti cha nyuma.

Mtoto huyo, ambaye ili tusichanganye mambo watu humwita Kachuka, huko Kiriaini hakuwa mgeni wala mjukuu. Alikuwa mwenye boma. Vikongwe wa kule walimsalimu kama mtu wa rika lao. Ngugi mwenyewe humwita "mami", kwa kuwa ni mama yake aliyerudi, na hata akimkemea humkemea kwa heshima. Shosho Wachuka, yule bibi mwenye jina, mwalimu mstaafu mwenye shamba la chai, alimpa kondoo jike akiwa na miaka mitatu. Kondoo akazaa. Akampa kuku. Kuku wakaangua. Kila zawadi iliyotoka Kiriaini ilikuwa na tabia ya kuzaana. Waithira alimpa mtoto stuli nzuri ya mbao ya Meru, na baada ya miaka tisa ilikuwa bado stuli moja.

Basi mwezi wa kumi, mwaka ambao Kachuka alikuwa akimaliza Gredi ya Sita, Wangui alipiga simu.

"Mtoto anataka gitaa, mum. Walimuonyesha moja kanisani na hatuna amani tena. Mama Ngugi anasema ati atamnunulia."

"Mwambie asisumbuke. Mimi nitatengeneza."

"Mum, gitaa si stuli."

"Najua si stuli. Stuli iko na miguu."

Kesho yake Waithira alimwendea Hezekiah, ambaye hupiga gitaa peke yake kila Jumamosi katika baa moja ya nyama choma, na ndiye mwanamuziki pekee wa Chaka ambaye mkewe hajamkimbia. Akamwomba gitaa kwa siku mbili. Hezekiah alilileta na akakataa kuliacha. Aliketi bandani akitazama tepu ikipita juu ya gitaa lake, kwa uso wa mtu anayeona jeneza la ndugu yake likipimwa.

"Mama Wangui, usiifungue."

"Siifungui. Nataka tu kujua iko na nini ndani."

"Haina kitu. Iko na upepo."

"Upepo sina shida. Chaka iko mwingi."

Alikuwa na ubao wa mutarakwa, mwerezi wa mlimani, alioununua miaka sita nyuma nyumba ya zamani ya mlowezi ilipobomolewa upande wa Timau. Ulikuwa ubao wa dari, umekauka miaka sabini juu ya vichwa vya watu wanaokunywa chai, na ukiugonga kwa kidole unajibu. Wateja watatu walikuwa wameutaka. Aliwaambia una mwenyewe, ingawa wakati huo hakumjua ni nani. Ubao huo ndio uliokuwa uso wa gitaa. Mgongo na mbavu akatumia saiprasi. Shingo ilitoka kwenye ubao wa kichwani wa kitanda chake mwenyewe, mbao ya Meru, na tangu hapo hulala na kichwa ukutani.

Mbavu ndizo zilizomfundisha adabu. Mbao nyembamba hupindwa kwa moto na maji, na yeye alitumia bomba la moshi la lori lililojazwa makaa. Ya kwanza ilivunjika. Ya pili ilivunjika. Ya tatu ilipinda hadi karibu na mwisho, akashusha pumzi, ikavunjika. Hezekiah, aliyekuwa amezoea kuja kutazama, akasema labda wangenunua tu. Waithira akamtazama hadi akakumbuka ana shughuli mahali. Ya nne na ya tano zilipinda kama zilizaliwa hivyo. Akazibana gundi kwa vibanio vya nguo arobaini, na kwa wiki mbili nguo za nyumba hiyo zilianikwa juu ya ua, upepo ukizigawia majirani.

Kabla ya kulifunga sanduku la gitaa, alichukua penseli ya useremala akaandika kwa ndani, mgongoni, mahali tundu litakapoangalia: WAITHIRA, CHAKA. Alijiambia fundi ana haki ya kuweka jina kwenye kazi yake. Hilo ni kweli. Kweli pia ni kwamba ametengeneza milango zaidi ya mia nne na hajawahi kuandika jina kwenye mmoja.

Likabaki jambo la mfupa. Chini ya gitaa, pale nyuzi zinapopandia, hukaa kipande kidogo cha mfupa kinachoziinua kutoka kwenye mbao. Kikiwa kirefu, nyuzi hukaa juu na vidole huumia. Kikiwa kifupi mno, nyuzi hugonga vyuma vya shingo zikalia kama nzi ndani ya chupa. Waithira alipata mfupa wa muundi wa ng'ombe buchani, akauchemsha, akaukata, akausugua kwa msasa.

"Lakini mtoto ataenda nayo Kiriaini, si ndiyo?" Hezekiah aliuliza.

"Kwa nini?"

"Kule kuna ukungu. Mimi nilipiga harusi moja huko, gitaa ikafura kama mandazi. Uso ukipanda, nyuzi zinapanda. Mtengenezee mfupa ingine mfupi, akifika kule anabadilisha."

Hakuhitaji kuambiwa na Hezekiah. Fundi yeyote wa huku kwetu Kieni anajua kwamba mlango uliotengenezwa huku kwenye ukavu, ukipelekwa kwenye nchi ya chai, hunywa unyevu na kukwama. Wateja wa Othaya na Kiriaini, Waithira huwaachia nafasi pembeni mwa mlango bila hata kuombwa. Ndiyo maana kazi yake hairudi.

Aliifikiria Kiriaini kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Akafikiria mtoto akiketi kwenye veranda ya yule mwanamke, na vikongwe wakipiga makofi. Kisha akausugua mfupa mmoja, kulingana na hewa ya Chaka na Nanyuki, akautia mahali pake, na vumbi lililobaki akalipuliza.

Mwezi wa kumi na mbili walikusanyika Nanyuki baada ya ibada, kula na kumpongeza mtoto kwa kumaliza Gredi ya Sita. Shosho Wachuka alikuja na jogoo. Waithira alisubiri jogoo asifiwe, asifiwe tena, apelekwe nyuma. Ndipo akafungua blanketi.

Kila shingo ikanyooka, na Waithira akapokea yale macho kama malipo. Kachuka alilishika gitaa kwa mikono miwili, akalinusa, maana mutarakwa hunukia hata baada ya vanishi. Akapitisha kidole kwenye nyuzi. Sauti iliyotoka haikuwa na mpango. Nyuzi zilikuwa zimelegea njiani, na katika nyumba nzima hakuna aliyejua kuzikaza. Waithira alikuwa ametengeneza gitaa zima bila kukumbuka kwamba mwishowe litatakiwa kupigwa.

"Leteni nione," Shosho Wachuka alisema, akijifuta mikono kwa leso.

Aliliweka pajani, akainamisha sikio, akazungusha vifunguo kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama anayesahihisha madaftari. Kumbe chuoni, akisomea ualimu, ndiye aliyekuwa akiipigia gitaa kwaya ya wanafunzi. Kwa miaka hamsini hakuna aliyemuuliza, naye hakuwa mtu wa kusema. Akapiga wimbo wa kanisani, kwanza pole, kisha na ile mikwaruzo ya pembeni inayofanya watu watikise mguu. Kachuka akapiga magoti mbele yake na kumtazama mikono.

Kwa Waithira, ni kama kufuga ng'ombe miezi miwili, kumkatia nyasi, kumlaza ndani, kisha mtu wa Kiriaini anakuja na ndoo.

"Mama Wangui," Shosho Wachuka alisema akimaliza, "hii kitu iko na sauti tamu. Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Basi ni Mungu."

"Mungu hakushika msasa."

Ngugi akakohoa. Wangui akauliza nani anataka supu. Kachuka, aliyekuwa ameliinamisha gitaa kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kwa sauti yale maandishi ya ndani, kisha akainua macho.

"Inaitwa Waithira?"

Ngugi alitazama dari. Wangui alimtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili akaonekana kuelewa maana ya yale maswali ya kichefuchefu.

"Ndiyo," Waithira alisema. "Inaitwa hivyo."

Aprili, shule zilipofungwa, gari lilipita Chaka likapiga honi. Kwenye dirisha la nyuma ilionekana shingo ya gitaa, ile iliyokuwa kitanda. Waithira aliinua patasi. Mawingu yalikuwa yamelala upande wa Aberdare, mazito, na yeye aliyatazama kwa hamu ya mtu mwenye shamba kule.

Siku ya tano simu ikalia.

"Shosho, Waithira amekataa."

"Amekataa nini?"

"Kuimba. Huku inanyesha tu. Amefura tumbo, nyuzi ziko juu, vidole vyangu vinauma. Shosho wa huku anasema tungoje jua, lakini hakuna jua."

"Pole, mjukuu wangu," Waithira alisema. "Mwambie baba yako akulete Chaka."

Siku hiyo alikula githeri sahani mbili.

Asiyemngojea ndiye aliyekuja. Alhamisi asubuhi aliteremka barabarani Shosho Wachuka mwenyewe, amevaa nguo za Jumapili, kiatu kikiwa bado na tope jekundu la Kiriaini, na Kachuka nyuma yake amebeba gitaa mgongoni ndani ya blanketi kama mtoto anayepelekwa kliniki. Tangu harusi ya watoto wao, mwanamke huyu hakuwahi kukanyaga bandani.

"Karibu, Mama Ngugi. Kaa hapa, hiyo stuli ingine haijakauka."

"Asante. Nimeleta mgonjwa."

Waithira alipapasa uso wa gitaa. Kweli, lilikuwa limepanda katikati kama mkate. Akaziangalia nyuzi, akaangalia vidole vya mjukuu wake, na kwenye ncha za vidole vitatu aliona malengelenge yaliyopasuka na kupakwa mafuta ya mgando. Mtoto hakuwa ameacha kujaribu. Alikuwa amejaribu siku tano.

"Ikikaa huku siku mbili, itashuka," alisema.

"Na tukirudi nayo?"

"Itapanda."

"Basi inapenda Chaka."

"Ni mbao tu, Mama Ngugi. Mbao haipendi mtu."

Shosho Wachuka alimtuma Kachuka akanunue soda dukani, akangoja avuke mlango.

"Wacha nikuambie kitu," alisema. "Huyu mtoto alilia kwangu siku mbili. Ati Waithira ni mgonjwa. Ati Waithira anataka nyumbani. Majirani wakaja na uji kuuliza nani mgonjwa. Nikaanza kueleza wanawake wazima mambo ya gitaa." Akavuta leso mabegani. "Miaka kumi na mbili amebeba jina yangu. Nimempa kondoo, nimempa kuku, hata sehemu ya chai nimemuonyesha. Sijaona siku moja akilia ati anataka Wachuka. Jina nilipewa bure na desturi, mimi sikufanya kitu. Wewe uliketi chini ukatengeneza yako na mikono."

Waithira akapapasa tena uso wa gitaa. Lilikuwa jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuambiwa na mtu wa upande ule, na hakuweza kulifurahia, kwa sababu mezani palikuwa na gitaa lililovimba, na kwa mara ya kwanza tangu achukue banda lile, kazi yake ilikuwa imerudi.

Alichukua kipande cha muundi kilichobaki. Alikuwa amekitunza ndani ya kopo la misumari, kwa sababu ambazo hakuwahi kujieleza. Akakikata, akakisugua, akapima, akasugua tena. Ilikuwa kazi ya saa nzima, na Kachuka alirudi na soda akaishikilia taa ya simu bila kuambiwa. Mwishowe Waithira alilegeza nyuzi, akang'oa mfupa mrefu, akatia mfupi.

"Huu ni wa Kiriaini," alisema. "Huu mrefu ni wa huku na Nanyuki. Mkifika kwenye ukavu mnabadilisha. Ni rahisi. Unalegeza, unatoa, unaweka."

Aliusikia mdomo wake ukisema na akatamani kuukamata. Mifupa miwili, ndani ya mfuko mmoja, na gari lingepita Chaka bila sababu ya kusimama mpaka mwisho wa dunia. Aliusukuma mfupa mrefu kuelekea upande wa Shosho Wachuka. Ulifika nusu ya meza ukaishia hapo, kidole chake kikiwa bado juu yake.

Shosho Wachuka aliutazama mfupa, akakitazama kidole.

"Hiyo ni kazi ya fundi," alisema. "Mimi mikono yangu siku hizi inatetemeka, naweza kuvunja kitu. Wacha huu ukae hapa kwako. Tukipita kurudi Nanyuki, utabadilisha. Na tukienda kule, utabadilisha tena."

Kisha akachukua gitaa, akaliweka pajani, akakaza nyuzi zote sita. Wakati wote huo mkono wake haukutetemeka hata mara moja, na Waithira, ambaye kazi yake ni kuona kitu kisicho sawa kwa unywele mmoja, aliona vizuri. Alikuwa ameshindwa kwa jina, kwa kondoo na kwa wimbo. Sasa ameshindwa hata kwa wema, tena ndani ya banda lake mwenyewe.

"Chai?" alisema.

"Nitakunywa," alisema Shosho Wachuka.

Siku hizi gari husimama. Husimama likienda, husimama likirudi. Kubadilisha mfupa ni kazi ya dakika kumi, lakini Waithira huifanya kwa saa mbili na nusu, kwa kuwa, anavyoeleza, nyuzi zikilegezwa ni lazima zipumzike. Hezekiah aliposikia hilo alifungua mdomo, akatazamwa, akaufunga. Ngugi hulala ndani ya gari. Kachuka huketi kwenye stuli yake ya utotoni, iliyorudishwa Chaka kwa shughuli hiyo, anapiga wimbo aliofunzwa Kiriaini, na Waithira husikiliza akiwa ameinamia kitu kingine, asije akaonekana anasikiliza.

Gari likirudi huwa na mfuko wa nduma, salamu kutoka kwa Mama Ngugi, nduma nene za bondeni. Waithira huzichemsha, husema nduma za Kiriaini zina maji mengi, na huzimaliza.